Kuunganisha matawi kupitia kitovu kimoja: njia za mtandao kati ya Amu, Mokowe, Faza na Mpeketoni

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye matawi machache yaliyotawanyika na seva moja ambayo kila tawi linapaswa kuifikia. Mfano nitakaoutumia ni biashara ya vifaa vya ujenzi. Ofisi kuu iko Amu (mji wa Lamu), bohari iko Mokowe karibu na gati, na maduka ni mawili: moja Faza kisiwani Pate, jingine Mpeketoni bara. Programu ya hesabu na stoo imewekwa kwenye seva ya Amu. Duka la Faza linataka kujua kama saruji ipo Mokowe kabla mteja hajaondoka, na Mpeketoni wanataka kuchapa hati ya kutolea mzigo kwenye printa ya bohari.

Muundo ni huu: Amu ndiyo kitovu, kila tawi linafunga handaki moja (VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti) hadi Amu, na hakuna tawi linalofunga handaki na tawi jingine. Pakiti, yaani kipande cha data, ya Faza kwenda Mpeketoni hupitia Amu. Maeneo manne yakiunganishwa kila moja na kila jingine yanahitaji mahandaki 6, na yakiwa kumi yanahitaji 45. Kwa kitovu unahitaji 3, na yakiwa kumi, 9. Lakini hesabu hiyo si sababu kubwa. Kubwa ni kwamba kitovu peke yake ndicho kinachohitaji anwani ya umma, na huku kwetu hilo ndilo huamua mambo. Ubaya wake ni kwamba Amu ikizimika hakuna tawi linaloona jingine, kwa hiyo ruta ya Amu iwekewe betri kabla hujamnunulia mtu kompyuta mpya.

Kifaa cha kila eneo ni kompyuta ndogo yenye Linux ambayo ndiyo ruta ya mtandao wa ndani. Handaki ni la WireGuard, lililomo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Tofauti za ruta za MikroTik ziko mbele.

## Anwani kwanza

Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24, na za MikroTik 192.168.88.0/24 (/24 ni anwani zote zenye namba tatu za mwanzo zilezile, /16 ni zenye mbili). Matawi mawili yakiwa na mtandao wa namba zilezile, hakuna njia itakayokusaidia: kompyuta ya Faza ikiambiwa itafute 192.168.1.10 itaitafuta humo humo dukani, haitaingia handakini. Wako wanaokwepa kazi hii kwa kugeuza anwani njiani (NAT). Inawezekana, na utajuta siku ya kutafuta hitilafu. Badilisha anwani za matawi jioni duka likishafungwa, na usisahau printa na kamera zilizoandikwa anwani kwa mkono. Hizo hazibadiliki zenyewe.

Mpango wetu:

```
Amu         10.20.1.0/24     handakini 10.20.255.1
Mokowe      10.20.2.0/24     handakini 10.20.255.2
Faza        10.20.3.0/24     handakini 10.20.255.3
Mpeketoni   10.20.4.0/24     handakini 10.20.255.4
```

Katika kila eneo ruta ni .1, seva na printa ziko kati ya .10 na .49, na zilizobaki zinajipatia anwani kuanzia .100. Angalia kwamba kila kitu, pamoja na handaki lenyewe, kimo ndani ya 10.20.0.0/16. Ndiyo sababu kila tawi litatosheka na mstari mmoja wa njia: chochote cha 10.20 kipelekwe Amu. Tawi jipya likiongezwa, ya zamani hayaguswi. Aliyewahi kusubiri maji yajae ili boti iende Faza, na kazi yenyewe ni kuongeza mstari mmoja kwenye ruta, hahitaji kuelezwa zaidi.

## Je, Amu ina anwani ya umma?

Ingia kwenye ruta usome anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikianza na 10 au 192.168, ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, basi unatumia anwani moja ya umma pamoja na wateja wengine wa mtoa huduma wako, na hakuna kifaa cha nje kitakachoweza kukuanza. Laini za simu kwa kawaida ziko hivyo, na Starlink ya nyumbani pia. Kwa matawi hilo halina neno, kwa sababu tawi ndilo linaloanza mazungumzo. Kwa kitovu halifai.

Omba anwani ya umma isiyobadilika. Mara nyingi hulipiwa kila mwezi. Ikishindikana, kodi seva ndogo ya wingu uifanye kitovu, na Amu iwe tawi kama mengine. Tafuta iliyo Nairobi au Mombasa. Ikiwa Ulaya, kila swali na jibu litaongezewa zaidi ya milisekunde 100, na programu ya hesabu inayoulizana na seva mara nyingi kwa ukurasa mmoja itatambaa.

Katika mfano huu anwani ya umma ya Amu ni 203.0.113.10, ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano. Weka ya kwako.

## Funguo

Kwenye kila ruta:

```
apt install wireguard
umask 077
wg genkey | tee /etc/wireguard/siri | wg pubkey > /etc/wireguard/umma
```

Ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa chake. Wa umma ndio unaoutuma, hata kwa WhatsApp, hauna madhara.

## Kitovu: faili la Amu

Hili ni `/etc/wireguard/wg0.conf` la Amu:

```
[Interface]
Address = 10.20.255.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = SIRI_YA_AMU
MTU = 1360
PostUp = ip route add unreachable 10.20.0.0/16 metric 4000
PostDown = ip route del unreachable 10.20.0.0/16 metric 4000

# Mokowe
[Peer]
PublicKey = UMMA_WA_MOKOWE
AllowedIPs = 10.20.255.2/32, 10.20.2.0/24

# Faza
[Peer]
PublicKey = UMMA_WA_FAZA
AllowedIPs = 10.20.255.3/32, 10.20.3.0/24

# Mpeketoni
[Peer]
PublicKey = UMMA_WA_MPEKETONI
AllowedIPs = 10.20.255.4/32, 10.20.4.0/24
```

Mstari wa `AllowedIPs` ndio moyo wa kazi yote, na una kazi mbili kwa pamoja. Pakiti ikitoka, unaamua iende kwa mwenza (peer) yupi. Pakiti ikiingia, unahakikisha anwani ya mtumaji ni miongoni mwa zile mwenza huyo aliruhusiwa; isipokuwamo, pakiti inatupwa kimyakimya. Kwa hiyo hapa Amu kila tawi linaandikiwa mtandao wake tu. Ukiandika 10.20.0.0/16 kwa matawi mawili, la pili linamnyang'anya la kwanza, kwa sababu mtandao uleule hauwezi kuwa wa wenza wawili katika kiolesura (interface) kimoja. Dalili yake inachekesha: unawasha Mpeketoni, Faza inakufa.

Mistari ya `PostUp` na `PostDown` ni kinga. Mtu akiitafuta 10.20.9.5 ambayo haipo, bila mstari huo ruta ya Amu ingeipeleka pakiti intaneti kupitia njia ya kawaida. Sasa inamjibu papo hapo kwamba hapafikiki.

## Tawi: faili la Faza

```
[Interface]
Address = 10.20.255.3/24
PrivateKey = SIRI_YA_FAZA
MTU = 1360

[Peer]
PublicKey = UMMA_WA_AMU
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.20.0.0/16
PersistentKeepalive = 25
```

Utauliza: mbona /16 nzima imeelekezwa Amu, wakati 10.20.3.0/24 ni mtandao wa dukani humo humo? Ruta huchagua njia iliyo mahususi zaidi. /24 ya dukani ni mahususi kuliko /16, kwa hiyo printa ya Faza inafikiwa moja kwa moja na vya mbali vinaingia handakini. Mokowe na Mpeketoni wanapata faili hili hili. Kinachobadilika ni anwani ya handakini na ufunguo wa siri.

`PersistentKeepalive` hutuma pakiti tupu kila sekunde 25 ili mtoa huduma wa simu asiifute njia ya kurudi. Wanaohofia bando wasiwe na wasiwasi: pakiti hiyo, pamoja na vichwa vyake, ni baiti 60, na siku nzima haifiki hata robo ya megabaiti.

Kinachokula bando ni kuandika `0.0.0.0/0` kwenye tawi, kama miongozo mingi ya mtandaoni inavyoelekeza. Hapo video zote za vijana wa dukani zitapanda hadi Amu na kutokea kule, na laini ya Amu italipia kila kitu mara mbili, kuingia na kutoka. Acha intaneti ya kila tawi itokee papo hapo.

Washa kila mahali:

```
systemctl enable --now wg-quick@wg0
```

## Ruhusa ya kupitisha

Linux haipitishi pakiti za wengine mpaka iambiwe. Andika `net.ipv4.ip_forward=1` ndani ya `/etc/sysctl.d/99-njia.conf`, kisha `sysctl --system`. Fanya hivyo maeneo yote manne.

Halafu ngome (firewall). Hii ni ya Amu, sehemu inayohusu kupitisha. Hapa `lan0` ni upande wa ndani na `wg0` ni handaki. Majina ya violesura angalia ya kwako kwa `ip link`:

```
table inet ngome {
  chain pita {
    type filter hook forward priority 0; policy drop;
    oifname "wg0" tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu
    ct state established,related accept
    iifname "lan0" accept
    iifname "wg0" oifname "lan0" accept
    iifname "wg0" oifname "wg0" accept
  }
}
```

Mstari wa mwisho ndio husahaulika. Pakiti ya Faza kwenda Mpeketoni inaingia Amu kwa `wg0` na kutoka kwa `wg0` hiyo hiyo. Bila ruhusa hiyo matawi yote yataiona Amu vizuri, ila hayataonana. Hapa pia ndipo unapoweka sera. Kama maduka hayana sababu ya kuonana, usiruhusu yote. Ruhusu printa ya Mokowe peke yake. Kwenye upande wa kuingia, fungua poti ya UDP 51820 kwa Amu tu.

Kugeuza anwani kwa ajili ya intaneti kufungwe kwenye kiolesura cha nje: `oifname "wan0" masquerade`. Ukikuacha bila jina la kiolesura, pakiti za handakini nazo zitageuzwa, na kumbukumbu za seva zitaonyesha kila muuzaji wa Faza kama 10.20.255.3. Siku stoo isipolingana na hesabu hutajua ni kompyuta ipi.

## Njia ya kurudi

Hitilafu nyingi za kazi hii si za kwenda, ni za kurudi. Seva ya Amu ikipokea swali kutoka 10.20.3.105, italijibu kupitia ruta iliyoandikiwa kuwa lango lake. Kama lango hilo ni ile kompyuta ndogo yenye handaki, mambo yamekwisha. Lakini wengi huacha ruta ya mtoa huduma, tuseme 10.20.1.1, iendelee kuwa lango, na kuiweka yenye handaki pembeni, tuseme 10.20.1.5. Hapo jibu linakwenda 10.20.1.1, ambayo haijui lolote kuhusu Faza, na linaishia huko.

Dawa ni kuiandikia ruta ya mtoa huduma njia: 10.20.0.0/16 kupitia 10.20.1.5, pamoja na kuelekeza poti 51820 huko. Hufanya kazi, ila si kila ruta inakubali. Baadhi huona nusu moja tu ya mazungumzo, maana swali lilipita kwingine, na kuyakata kama batili. Mimi naona ni bora kuifanya yenye handaki iwe lango la wote na kuiachia ya mtoa huduma kazi ya intaneti tu.

## Kupima

Anza na `wg show` kwenye Amu. Kila mwenza awe na muda wa kusalimiana (latest handshake) wa hivi karibuni. Ukizidi dakika 3, handaki halipo hewani, usihangaike na njia bado.

Kisha, ukiwa Faza:

```
ip route get 10.20.4.10
ping -I 10.20.3.1 10.20.4.1
```

Amri ya kwanza ikuonyeshe `dev wg0`. Kwenye ya pili, `-I` ina maana kubwa: bila hiyo ruta hujitambulisha kwa anwani yake ya handakini, ambayo tayari inajulikana kote, na utaambiwa mambo ni sawa wakati kompyuta za dukani hazipiti. Kutoka kwenye kompyuta ya dukani yenyewe, kufuatilia njia hadi 10.20.4.10 kukupe 10.20.3.1, halafu 10.20.255.1, halafu 10.20.255.4, halafu mwenyewe. Ikikatika, ruta ya mwisho kujibu ndiyo unayoanza nayo, au inayofuata.

Ukipiga `ping` kompyuta ya Windows na isijibu, usiivunje kazi yako yote. Ngome ya Windows kwa kawaida haijibu `ping` inayotoka nje ya mtandao wake wa ndani. Jaribu printa au ruta kwanza. Bado unashuku? Sikiliza kwenye ruta ya upande wa pili:

```
tcpdump -ni wg0 icmp
tcpdump -ni lan0 icmp
```

Ukiona swali kwenye zote mbili na jibu hakuna, tatizo ni kifaa au lango lake. Swali likionekana `wg0` bila kutokea `lan0`, ni ngome au ruhusa ya kupitisha.

## Simu zitakazokuja baadaye

Mwenye duka atakupigia: "Mwanangu, kompyuta inaingia kwenye programu vizuri, lakini nikifungua ripoti ya mwezi inaganda." `Ping` ukijaribu inajibu. Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti ndogo zinapita, kubwa haziingii kwenye mtandao wa simu zikishafungwa ndani ya handaki, linaloongeza baiti 60 kwa IPv4. WireGuard yenyewe hukadiria 1420. Ndiyo maana nimeandika 1360. Pima:

```
ping -M do -s 1332 10.20.1.10
```

1332 na baiti 28 za vichwa ni 1360 kamili. Isipopita, shusha kwa kumi kumi mpaka ipite, ujumlishe 28 na uandike jibu kuwa MTU pande zote mbili. Mstari wa `maxseg` ulio kwenye ngome uwekwe kila tawi pia, ili kompyuta za dukani zisilazimike kujua lolote kuhusu handaki.

Simu nyingine huja baada ya stima kukatika: Faza imerudi, intaneti ipo, handaki halirudi. Angalia saa ya kifaa. Kompyuta ndogo nyingi hazina betri ya saa, na zikiwaka huendelea na saa waliyoihifadhi mwisho. WireGuard huweka muda ndani ya salamu yake, na Amu hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho iliyoipokea, ikidhani ni mtu anayerudia ujumbe wa zamani. Saa ikishasahihishwa, handaki linarudi. Kwa hiyo seva ya saa ya kila tawi iwe ya intaneti, isiwe ile ya Amu: ukiiweka nyuma ya handaki, saa itangoja handaki na handaki litangoja saa. Na kama hakuna cha maana kwenye programu, tazama vichwa vya nyaya. Chumvi ya pwani huvila mapema kuliko unavyodhani.

## Kubadilisha bila kupanda boti

Kabla ya kugusa ruta ya mbali kupitia handaki lake lenyewe, weka ahadi ya kurudisha:

```
cd /etc/wireguard && cp wg0.conf wg0.zamani
systemd-run --unit=rudisha --on-active=10min /bin/sh -c \
 'cp /etc/wireguard/wg0.zamani /etc/wireguard/wg0.conf; systemctl restart wg-quick@wg0'
```

Fanya mabadiliko. Ukijifungia nje, subiri dakika 10, faili la zamani litarudi. Yakienda vizuri, `systemctl stop rudisha.timer`. Kwa MikroTik, hali salama hufanya kazi hiyo: unaiwasha kwa Ctrl+X, na muunganisho ukikatika mabadiliko yanafutwa.

Nikiwa hapo kwa MikroTik: WireGuard imo kuanzia RouterOS 7, na mpango wa anwani ni uleule. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba anwani ulizomruhusu mwenza hazigeuki kuwa njia zenyewe. Amu utaandika njia tatu kwa mkono, na kila tawi njia moja ya 10.20.0.0/16, zote kupitia kiolesura cha handaki. OpenWrt, mfumo mwingine wa ruta, nayo inataka `route_allowed_ips` iwe 1.

Kuhusu OSPF na ndugu zake, yaani itifaki zinazoziwezesha ruta kuelezana njia zenyewe: kwa matawi haya, hapana. Njia hazibadiliki, na tawi halina njia ya pili ya kuchagua. Fikiria hayo ukipata kitovu cha pili.

## Tawi la tano

Wakifungua Kizingitini, lipe 10.20.5.0/24 na 10.20.255.5. Kule unaweka faili la tawi kama lile la Faza. Amu unaongeza mwenza mmoja, kisha:

```
systemctl reload wg-quick@wg0
ip route add 10.20.5.0/24 dev wg0
```

Kupakia upya namna hii hakukati matawi mengine, lakini hakuongezi njia, ndiyo maana ya mstari wa pili. Ukiusahau, handaki la Kizingitini litasalimiana vizuri na hakuna pakiti itakayofika dukani. Kifaa kikianza upya siku nyingine njia hiyo itajiweka yenyewe kutoka kwenye faili.

Na ruta ya tawi ikiibiwa, usingoje kwenda kuandikisha polisi: `wg set wg0 peer UMMA_WA_TAWI remove` hapo Amu, futa mwenza huyo kwenye faili pia, na ruta mpya ipewe funguo mpya.